Somo: Tangi la bafa la maji baridi lipime kwa usiku wa Julai

Wakuu, hoteli moja hapa Arusha iliniita mwezi wa Julai, saa tano usiku. Mlinzi alilalamika kwamba mashine ya nyuma "inakohoa". Nikavuta kiti, nikajifunika koti, nikaitazama. Kompresa inanguruma sekunde 80, inanyamaza dakika 5, inanguruma tena. Kwa saa moja ni mara 9. Chila, yaani mashine inayopoza maji yanayozungushwa vyumbani, ilikuwa nzima kabisa, ila maji kwenye mabomba yalikuwa machache mno: yanapoa upesi, kompresa inazima.

Wengi tunapima mitambo kwa mchana wa Februari, jua likiwaka na ukumbi umejaa watu. Tangi la bafa, yaani tangi la kuongeza maji kwenye mzunguko ili kompresa isiwake na kuzima ovyo, linataka kinyume chake: saa ambayo karibu hakuna anayehitaji ubaridi. Na Arusha hiyo saa tunayo kweli.

Hatua ya 1: tafuta mzigo mdogo kabisa. Pale hotelini vyumba vyote vilikuwa vimezima, kimebaki chumba cha seva na stoo ya jikoni, jumla kilowati 10. Chila ni ya kilowati 100 yenye kompresa mbili zinazolingana, kwa hiyo ikijipunguza mwisho inatoa 50. Kilowati 40 za ziada hazina pa kwenda isipokuwa kwenye maji.

Hatua ya 2: chagua muda wa kompresa kukaa imewaka. Kitabu cha mashine kitakwambia. Mimi nilichukua dakika 6, yaani sekunde 360. Kila kompresa inapowaka, oili inatoka pamoja na gesi na inahitaji muda kurudi. Ukizima mapema, unaikausha taratibu.

Hatua ya 3: hesabu. Hapa ndipo watu wanapoteleza. Maji yanatoka nyuzi 7 na kurudi 12, basi fundi anaweka tofauti ya 5 kwenye hesabu. Hapana! Weka tofauti kati ya nyuzi ambazo kompresa inazimia na zile inazowakia. Kwetu ilikuwa 3.

Lita = kilowati za ziada × sekunde ÷ (4.19 × tofauti ya nyuzi)

40 × 360 ÷ (4.19 × 3) = karibu lita 1,145.

Toa maji yaliyomo tayari kwenye mzunguko, lakini yale yanayotembea usiku tu. Tawi ambalo vali yake imefunga usilihesabu, maji yake yamelala. Nilipata lita 250, zikabaki kama 900. Tukachomelea tangi la lita 1,000.

Hatua ya 4: midomo minne. Tangi likae kati ya mizunguko miwili: wa kwanza wa chila, wa pili wa vyumbani. Maji ya chila yanaingia chini, na pampu ya mzunguko wa pili inavuta chini upande wa pili. Yanayorudi kutoka vyumbani yanaingia juu, na chila inavuta juu. Hivyo pampu za pande mbili hazigombani. Kilowati 100 kwa tofauti ya nyuzi 5 ni karibu lita 4.8 kwa sekunde. Bomba la inchi 3 linayapitisha kwa kasi ya kama mita 1 kwa sekunde, na kasi hiyo inavuruga tabaka, yaani maji baridi chini na ya moto zaidi juu. Panua mdomo uwe inchi 4, kisha weka kibati cha kuvunja kasi ya maji mbele yake ndani ya tangi.

Hatua ya 5: vifaa vidogo. Kitoa hewa juu kabisa, vali ya kumwagia chini, sponji nyeusi iliyogundishwa kila ungio. Miguu ya tangi nayo ipate kitu kigumu kisichopitisha baridi, la sivyo itatoa jasho na kutu itaanzia hapo.

Maswali

*Mkuu, naweza kutumia tangi la plastiki la juu ya paa? Chuma ni ghali.*
Hapana, kaka. Kila mita 10 za kimo cha maji ni karibu bar 1 ya presha. Jengo lenye ghorofa tatu tu litalipasua. Na ukiliacha wazi, hewa inaingia kwenye maji na mabomba ya chuma yataliwa.

*Umeme ukikatika, tangi litanibeba kwa muda gani?*
Kama pampu ya mzunguko wa pili iko kwenye jenereta, lita 1,000 kwa tofauti ya nyuzi 5 zinabeba mzigo wa kilowati 60 dakika 6 hivi. Mzigo wa 10 unafika kama dakika 35. Linatosha kungoja chila ijiwashe tena, usilitegemee kwa sherehe nzima.

*Niko Moshi, napoza maziwa kwa maji ya nyuzi 1, yanarudi 6. Mpangilio ni huohuo, baridi chini?*
Swali zuri sana, na jibu ni hapana. Maji ni mazito kuliko yote yakiwa nyuzi 4. Yakishuka chini ya hapo yanakuwa mepesi tena, kwa hiyo yako ya nyuzi 1 yatapanda juu ya yale ya 6 na kuchanganyika. Weka tangi la midomo miwili kwenye bomba la kurudi, maji yote yapite humo kabla ya kufika kwenye chila. Na sensa ya kuzuia kuganda uikague kabla hujawasha.