Mombasa kwa baiskeli, polepole: mwongozo kwa anayerudi likizo

Ukitua uwanja wa Moi au ukishuka gari moshi la SGR Miritini, swali la kwanza la jamaa huwa ni gari: umekodi, au tukutafutie? Ukijibu kwamba unataka baiskeli, watacheka. Baiskeli Mombasa ni ya muuza mikate na ya mlinzi anayerudi kwake Kisauni baada ya zamu ya usiku. Mtu wa ng'ambo anatazamiwa apande Prado. Waache wacheke. Kisiwa chote kina urefu wa kilomita 5 hivi, karibu kote ni tambarare, na mengi ya kutazama yako upande wa mashariki na kusini, kando ya bahari. Kwa gari utakwama Digo Road ukisoma maandishi ya nyuma ya tuktuk. Kwa baiskeli unauzunguka Mji wa Kale na kurudi kabla wenyeji wako hawajamaliza chai ya asubuhi.

Ila mji huu una masharti yake, na sharti kubwa ni saa. Njia iliyo tamu saa 12 na nusu asubuhi inakuwa adhabu ikifika saa 2: matatu zimejaa barabarani, jua limeshika, mikokoteni imeanza kumiminika soko la Marikiti. Jua hapa huchomoza kati ya saa 12 na saa 12 na nusu mwaka mzima, kwa hiyo hakuna kisingizio cha kungoja. Wala sioni faida ya kubana njia mbili katika siku moja. Chagua moja, imalize asubuhi, mchana ulale kama watu wengine.

Majira na upepo

Wengi wetu huja Desemba kwa sababu ndiyo likizo tunayopewa. Desemba ni kaskazi: joto kali, na mji umejaa wageni kutoka bara. Aprili na Mei ni masika. Barabara za chini hufurika, usijaribu. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi huvuma, hewa hupoa, na mtu anaweza kuendesha hadi saa 3 bila kuungua. Kama mwajiri wako anakuachia kuchagua, chagua Julai au Agosti.

Upepo nao una hesabu zake. Kusi hutoka kusini-mashariki. Ukienda kaskazini, tuseme kutoka Nyali hadi Bamburi, unakusukuma na unajiona bingwa. Wakati wa kurudi ndipo unapokudai. Kaskazi ni kinyume: unaanza kwa shida, unarudi kwa raha. Ukiwa na mtu ambaye hajagusa baiskeli miaka mingi, safari ya Bamburi ifanye wakati wa kaskazi licha ya joto lake.

Baiskeli yenyewe

Hoteli kadhaa za pwani ya Nyali na Bamburi hukodisha, na vijana wa ufukweni pia. Patana bei kabla hujapanda, na useme wazi kama ni ya saa au ya siku nzima. Kisha kagua breki zote mbili, bonyeza tairi, zungusha pedali uone kama mnyororo unaruka. Breki ya nyuma ikiwa imekufa, usikubali kuambiwa kwamba ya mbele inatosha.

Anayekaa wiki tatu au zaidi, ushauri wangu ni anunue ya mtumba. Zinaletwa kwa kontena kutoka ng'ambo, nyingine ni imara kuliko mpya za dukani, na siku ya kuondoka unamwachia mpwa wako aende nayo shule. Kubeba yako kwenye ndege ni gharama na usumbufu, na kama ni ile ya mashindano yenye tairi nyembamba, hapa itakusumbua: kuna mchanga, kuna kabro (matofali ya kutandika njia), kuna mashimo. Tairi pana ndiyo inayofaa. Wanaotoka Dar au Tanga kwa basi kupitia Horohoro na Lunga Lunga wanaweza kuipakia kwenye buti kama mzigo. Zungumza na kondakta kabla ya kukata tiketi, si baadaye.

Helmeti, kufuli na taa njoo navyo kutoka huko uliko. Pancha isikutie hofu, kwani mafundi wa baiskeli wako mitaani chini ya miti, na kazi yao ni ya dakika chache. Tatizo linakuja ukiwa na breki za mafuta au tairi zisizotumia tyubu. Vipuri vyake fundi wa mtaani huwa hana.

Na tunaendesha upande wa kushoto. Aliyezoea Marekani au Ujerumani, na ndugu zetu wa Rwanda na Burundi, watajikumbusha hili hasa kwenye mizunguko na wakati wa kutoka kituo cha mafuta, maana hapo ndipo mazoea humrudisha mtu kulia.

Mji wa Kale

Anzia uwanja ulio mbele ya Fort Jesus. Ngome yenyewe hufunguliwa saa 2 asubuhi, kwa hiyo endesha kwanza, uingie baadaye ukiwa umeshakunywa chai. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani wakaitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira tangu 1696. Waingereza wakaigeuza jela, na ikaendelea kuwa jela hadi 1958. Tangu 2011 iko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mlangoni kuna bei ya raia, bei ya watu wa Afrika Mashariki na bei ya wageni wengine, na tofauti si ndogo. Beba kitambulisho au pasipoti ya nyumbani hata kama umeshachukua nyingine.

Kutoka ngomeni shika Ndia Kuu polepole. Saa hizo watu wametoka swala ya alfajiri, wengine wamekaa barazani, na watoto wanaelekea chuoni, yaani madrasa, wameshika misahafu. Salimia. Mtu anayepita kwa baiskeli bila salamu huonekana mwizi au mtalii, na wewe si mmoja wao. Wazee wape shikamoo. "Salamu aleikum" inatosha kwa wote. Tazama juu pia: roshani za mbao na milango ya nakshi haziko usawa wa macho ya mwenye haraka. Rangi nyeupe na buluu unayoiona kila mahali ilikuja na agizo la serikali ya kaunti mwaka 2018. Wapo wanaoipenda, mimi naona imezifanya nyumba zilizotofautiana zifanane kupita kiasi.

Teremka hadi Bandari ya Kale, ilipo Leven House, iliyobeba jina la manowari ya Kiingereza iliyotia nanga hapa mwaka 1824. Si mbali na hapo utaona mnara mweupe wa Msikiti wa Mandhry. Msikiti huo husemwa uliasisiwa mwaka 1570, yaani Mreno alipoweka jiwe la kwanza la Fort Jesus, watu walikuwa wakisali hapo kwa zaidi ya miaka 20. Vichochoro vya kuelekea Kibokoni na Kuze ni vyembamba na vina kona zisizoonyesha kinachokuja, shuka usukume. Mahamri na mbaazi utayapata humo humo, na ukila kwenye benchi la muuzaji badala ya kufungiwa, ndipo utaambiwa njia ipi imechimbwa leo na ipi imezibwa na hema la harusi.

Ukitaka kupitia Marikiti na Biashara Street kutazama leso, yaani khanga, pita kabla maduka hayajafunguliwa au nenda kwa miguu. Hamali mwenye mkokoteni wa magunia hawezi kusimama ghafla. Mpishe.

Kizingo, Mama Ngina na Mbaraki

Hii ndiyo njia ninayompendekezea mgeni wa mara ya kwanza, hasa Jumapili asubuhi. Kutoka Fort Jesus pita Treasury Square, iliyo na sanamu ya Allidina Visram, mfanyabiashara aliyetandaza maduka yake kando ya reli ya Uganda. Ingia Kizingo, penye miti mikubwa na magari machache. Zamani, kabla ya teksi, wakubwa walipita mitaa ya kisiwa hiki katika vigari vya reli nyembamba vilivyosukumwa na watu. Leo unajisukuma mwenyewe.

Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari, ilikarabatiwa mwaka 2019. Kuna ukuta wa kukalia, mibuyu mikongwe, na mlango wa bahari mwembamba kiasi kwamba meli ya makontena ikiingia bandari ya Kilindini unaona mabaharia waliosimama sitahani. Endesha barabarani, njia ya kabro iachie familia na wanaokimbia. Asubuhi utapata madafu. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, kachiri na mabuyu ni vya jioni, na jioni ya Jumamosi au Jumapili umati hauruhusu baiskeli hata kidogo. Ifunge nyumbani, uje na tuktuk.

Mbele kidogo ni kivuko cha feri cha Likoni. Waendao kwa miguu hawalipi feri, lakini asubuhi ya siku ya kazi maelfu wanavuka kuingia kisiwani, na jioni wanarudi. Usijitie katikati yao na baiskeli kwa ajili ya matembezi. Ukilazimika kuvuka, shuka, sukuma, fuata askari anavyoelekeza, na kamera ibaki mfukoni. Mimi hugeuza kabla ya feri na kukata kuelekea Mbaraki kuona mnara wa mawe ya matumbawe uliosimama kando ya msikiti wa kale. Hauna wageni wengi, na wapo watu ambao hadi leo hupeleka nadhiri pale, kwa hiyo nyamaza kidogo ukifika.

Nyali na Bamburi

Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980, ndilo kikwazo. Livuke Jumapili kabla ya saa 1, au shuka usukume pembeni pa wanaotembea, kwa sababu upepo hupiga ubavuni na matatu hazisubiri. Ng'ambo yake ni Kengeleni, penye kengele ya Freretown, makao ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisheni mwaka 1875. Kengele hiyo iligongwa kuwatahadharisha watu hatari ilipowajia. Kutoka hapo mitaa ya Nyali ni mitulivu, na upande wa Mkomani liko kaburi la Rosina, mke wa mmisheni Mjerumani Johann Ludwig Krapf. Rosina alifariki mwaka 1844 muda mfupi baada ya kufika Mombasa.

Bamburi ni kwa ajili ya watoto. Machimbo ya kiwanda cha saruji yalikuwa jangwa la mawe hadi René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971. Sasa ni msitu. Haller Park ni ya kutembea kwa miguu, ina viboko na twiga, ila njia za msitu za jirani yake zimetengwa kwa wakimbiaji na waendesha baiskeli, kivuli mwanzo hadi mwisho. Barabara ya Malindi ya kufikia huko sitakushauri uipande na watoto. Pakia baiskeli kwenye pikapu.

Barabara za Changamwe na Makupa ni za malori ya bandarini. Barabara ya Dongo Kundu ina madaraja mazuri yenye mandhari ya mikoko, lakini magari hukimbia mno na kivuli hakuna.

Mavazi, simu na saa za ibada

Kaptura ya kubana ya baiskeli ni ya Nyali. Mji wa Kale vaa suruali pana au jitande kikoi juu yake. Dada zetu leso mbili zinatosha. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Simu isikae kwenye usukani, maana wapo wanaopita na bodaboda na kuinyakua. Iweke mfuko wa ndani, na njia yako ikariri kabla ya kuondoka. Laini ya Kenya yenye M-Pesa itakuokoa zaidi ya noti. Namba za dharura ni 999 na 112. Uliza bima yako ya safari kama inagharimia ajali ya baiskeli, kwani nyingine huiruka.

Ijumaa kuanzia saa 6 mchana mitaa ya misikitini hujaa, tafuta pengine. Ramadhani ratiba yote hugeuka: endesha mapema baada ya daku, usile wala kunywa hadharani mchana, na nusu saa kabla ya magharibi usiwe barabarani kabisa, kwa kuwa kila dereva anakimbilia futari. Adhana ikishaadhiniwa barabara zinakuwa wazi. Ukialikwa kufuturu njiani, kubali, na baiskeli iingize uani. Mwenyeji hatakubali uifunge nje.