Unalea peke yako, kipato kidogo, unataka nyumba Dodoma? Anza hivi

Hii ni kwa mama lishe, dada wa saluni, anayeuza mboga Majengo, na kina baba mliobaki na watoto wenyewe, maana inaniuma sana mtu anapoambiwa subiri uolewe ndio ujenge. Benki bila mshahara unaoonekana ni ngumu kukupa mkopo wa nyumba, kwaiyo sisi njia yetu ni kiwanja kwanza, alafu mdogo mdogo.

Hela weka kikoba, ila angalia kinavunjwa lini, yaani mnagawana hela lini. Vingi vinavunjwa Desemba, na hela ya Desemba ukiwa na watoto haifiki kwenye kiwanja, inaishia kwenye sikukuu na sare za Januari. Tafuta au anzisheni cha kuvunja mwezi wa 6, mvua imeshakata na mafundi wako kazini. Ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 (yaani 10 ya mapato ya halmashauri, sio riba) haina riba kweli, ila ni ya biashara za vikundi, usiichimbie msingi, marejesho yatakukuta huna mtaji na nyumba haijafika popote.

Sasa kiwanja, hapa tulia kabisa. Dalali wa Nala au Mkonze atakwambia "kimepimwa", wewe muulize namba ya kiwanja na kitalu, akianza kuzunguka ondoka. Ukipewa namba nenda nayo ofisi ya ardhi uombe upekuzi, ujue jina la nani liko pale na kama kuna deni la kodi ya ardhi au zuio, kisha rudi kiwanjani uoneshwe mawe ya mpaka kwa macho yako na jirani akiwepo, sio kuoneshwa kwa kidole kutoka barabarani. Kakione pia mwezi wa 1 au wa 2 mvua ikiwa imenyesha, maana korongo la Dodoma kiangazi unaweza kudhani ni njia ya ng'ombe. Udongo mweusi unaopasuka nyufa kubwa wakati wa jua uache, msingi wake utakula hela ya nyumba nzima.

Muuzaji akiwa na mwenza, mwenza asaini. Mkataba uandikwe kwa wakili. Malipo ya serikali ni kwa control namba tu, usimpe mtu mkononi. Na jina liwe lako jamani, sio la kaka wala mjomba "kwa usalama", Sheria ya Ardhi ya 1999 imempa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi.

Kujenga, chora ramani ndogo ya nyumba nzima, chukua kibali, alafu anza na chumba kimoja na choo ambavyo viko ndani ya hiyo ramani, ili kesho usibomoe. Kila ukipata hela kidogo geuza tofali, hela ikikaa kwenye simu mtoto ataumwa au ndugu atapiga. Fundi akifyatua uwepo, mfuko wa kilo 50 ukitoa tofali za inchi 6 zaidi ya 40 ujue hapo mchanga ni mwingi. Maji yetu ya shida, kwaiyo zifunike na viroba vilivyolowa, mwagilia asubuhi na jioni wiki nzima. Alafu okota moja uiachie kutoka kiunoni, ikisambaratika usikubali kulipa.

Kodi ya chumba ulichopanga ikibaki miezi mitatu piga hesabu ya bati, mlango, grili la dirisha na choo, hivyo vikikamilika hamia, plasta na sakafu vitakukuta humo humo. Ila kabla ya kuhamia nenda kajitambulishe kwa mjumbe na majirani wa pande zote, watoto wakitoka shule wewe uko kazini hao ndio watakaowaona.