Namna ya kuepuka faini ya euro 60 kwenye treni za Berlin, na la kufanya ukishapigwa

Ndugu wanaofika Berlin kusoma au kufanya kazi hunipigia simu na swali moja: "Tiketi nilinunua, pesa nililipa, mbona nimepigwa faini?" Mwaka wangu wa kwanza hapa nililiuliza swali hilohilo. Tiketi yangu ilikuwa mpya kabisa, nimeihifadhi vizuri ndani ya pochi. Mkaguzi aliigeuza upande huu, akaigeuza upande wa pili, kisha akapitisha kidole gumba mahali palipotakiwa kuwa na muhuri. Palikuwa peupe. Tangu siku hiyo kila mgeni ninayempokea uwanja wa ndege namfundisha haya kabla hatujapanda treni.

Elewa kwanza jambo moja. Treni za mjini, U-Bahn na S-Bahn, hazina geti. Unashuka ngazi, mlango unafunguka, unaingia. Hakuna konda wa kukupigia sarafu sikioni akidai nauli. Lakini wakaguzi wapo, hupita bila taarifa, na wengine huvaa nguo za kawaida kama abiria. Mlango ukishafungwa ndipo utasikia "Die Fahrscheine, bitte", yaani "Tiketi, tafadhali", na hapo huna tena nafasi ya kununua tiketi.

Hatua ya 1: Nunua tiketi ya kanda sahihi

Berlin imegawanywa katika kanda tatu: A ni katikati ya mji, B ni pembezoni, na C ni nje ya mji. Uwanja wa ndege wa BER uko kanda C. Wageni wengi huanguka hapa: mashine inawaonyesha tiketi ya AB, ina bei nafuu, wanaichukua. Ukitoka BER kwenda mjini, chukua ABC. Mkaguzi akikukuta na AB kwenye kanda C, anakuhesabu kama huna tiketi.

Tiketi ya safari moja hudumu saa mbili tangu igongwe muhuri. Unaruhusiwa kubadilisha treni, basi na tramu, ila kwa kuelekea upande mmoja tu. Kurudi ulikotoka kunahitaji tiketi nyingine, hata kama saa mbili hazijaisha.

Hatua ya 2: Gonga muhuri kabla ya kupanda

Hapa ndipo pesa nyingi za wageni zinapopotelea. Ukiishika tiketi ya karatasi, itazame: je, imechapwa tarehe na saa ya leo? Kama ipo, twende. Kama haipo, tafuta kisanduku kidogo chekundu au cha njano kilichosimama pale pale stesheni unaposubiri treni. Ingiza tiketi kwenye tundu, isukume mpaka usikie mlio, itoe, kisha isome. Usiondoke hujauona wino kwa macho yako. Ndani ya treni hizi hakuna visanduku. Kwenye basi vimo ndani, kwa hiyo gonga mara tu unapopanda.

Kisanduku kikiwa kibovu, nenda kingine. Ukikosa kabisa, andika kwa kalamu tarehe, saa na jina la stesheni juu ya tiketi, na upige picha ya kile kilichoharibika.

Hatua ya 3: Kama tiketi iko kwenye simu

Nunua kabla ya kuingia, maana mkaguzi anaona dakika uliyonunua. Picha ya skrini haikubaliki. Simu ikizima, huna tiketi, kwa hiyo beba chaja.

Anayekaa muda mrefu ajiandikishe Deutschlandticket, tiketi ya mwezi inayotumika nchi nzima kwenye mabasi, treni za mjini na treni za mikoa. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49. Tangu Januari 2026 ni euro 63. Haifai kwenye treni za masafa marefu kama ICE na IC. Ina jina lako, huwezi kumwazima mwenzako, na unatakiwa kutembea na kitambulisho. Siku ukitaka kuisitisha, fanya hivyo kabla ya tarehe 10 ya mwezi, la sivyo utalipa na mwezi unaofuata.

Hatua ya 4: Ukikutwa huna

Usikimbie, usibishane. Muombe mkaguzi akuonyeshe kitambulisho chake cha kazi, ana wajibu wa kukionyesha. Kisha mpe jina na anwani yako ya kweli. Ukikataa, wanaweza kukuzuia mpaka polisi wafike kukutambua, na jambo dogo litakuwa kubwa. Usisaini maelezo usiyoyaelewa. Chukua karatasi yao na uhakikishe anwani imeandikwa sawasawa, kwa sababu barua zitakazofuata zitakwenda hapo.

Hatua ya 5: Ishughulikie karatasi wiki hiyohiyo

Kama ulikuwa na tiketi ya mwezi yenye jina lako, ila simu ilizima au uliisahau nyumbani, ipeleke kwa kampuni husika ndani ya siku saba. Faini itashuka kutoka euro 60 hadi 7. Watu wengi hawaijui haki hii, wanalipa zote. Kama una sababu nyingine, mfano kisanduku kibovu, waandikie ndani ya muda uliotajwa kwenye karatasi, ambatanisha picha zako, na utunze nakala.

Kama huna hoja, lipa kwa wakati. Ukinyamaza, itakuja barua yenye neno Mahnung, yaani kumbusho la deni, na gharama za nyongeza, kisha wakusanya madeni. Na elewa tofauti hii: euro 60 ni dai la kampuni, siyo hukumu. Lakini kupanda bila tiketi kwa kukusudia ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 265a cha sheria ya jinai ya Ujerumani, adhabu yake ni faini ya mahakama au hadi mwaka mmoja jela, na wapo watu wanaofungwa kwa kushindwa kulipa faini hiyo. Ukipokea barua ya polisi au ya mahakama, usiiache kwenye sanduku la posta hata siku moja. Ipeleke kwa mwanasheria ikiwa na bahasha yake, kwa maana kwa barua rasmi ya mahakama tarehe ya kupokelewa huandikwa juu ya bahasha na siku za kupinga huanza kuhesabiwa hapo.