Kabla hujaanza kuyasaka makanisa madogo ya Kiorthodoksi vijijini Uingereza

Ukiambiwa kanisa la Kiorthodoksi, akili hukimbilia makuba ya dhahabu. Vijijini Uingereza ukitafuta makuba utarudi nyumbani hujaona kitu. Waorthodoksi wa huko ni wachache na mfuko wao ni mwepesi, hivyo wengi wanasali kwenye majengo yaliyoachwa na wengine, au wameazimwa jengo na Waanglikana kwa saa chache. Kinachokuonyesha kanisa aghalabu ni ubao mdogo wa matangazo kando ya mlango.

Chukua Walsingham, Norfolk, mahali pa hija tangu enzi za kati. Treni za abiria zilikoma kupita hapo mwaka 1964, na muda si mrefu Waorthodoksi wachache wakaigeuza stesheni yenyewe kuwa kanisa la Mtakatifu Serafimu wa Sarov. Juu ya paa waliweka kikuba chenye msalaba. Ukipita haraka na gari hukioni. Kabla hujafika, jua kwamba Walsingham ziko mbili, na Little Walsingham ndiyo kubwa kuliko Great Walsingham (usiniulize Waingereza walipimaje). Stesheni iko Little. Hapo hapo, ndani ya kanisa la hija la Waanglikana, kuna ngazi inayokupeleka kwenye kikanisa kingine cha Kiorthodoksi. Watu wengi hupita chini yake bila kujua. Kitreni cha mvuke cha watalii kinachotoka mji jirani wa Wells nacho kisikuchanganye: kina kituo chake, si kile cha Serafimu.

Usafiri ndio unaowaangusha wengi. Siku unayoitaka ni Jumapili asubuhi, na Jumapili asubuhi ndipo basi la kijijini linapolala. Panga gari au teksi mapema, ya kwenda na ya kurudi. Na hata ukiwa na gari, uliza kwanza kama kuna ibada. Padri mmoja huweza kuhudumia vijiji kadhaa, na mara nyingi ana kazi nyingine ya kumlisha. Mimi niliwahi kuendesha saa mbili nikakuta mlango umefungwa na karatasi iliyolowa mvua, wino umechuruzika: Liturujia (yaani ibada yao kuu ya komunyo), Jumapili ya pili na ya nne. Siku hiyo ilikuwa ya tatu.

Tazama na kalenda. Parokia zinazofuata kalenda ya zamani ziko nyuma kwa siku 13, ndiyo maana Krismasi yao huangukia tarehe 7 Januari, wakati parokia za Kigiriki na Kiromania husherehekea tarehe 25 Desemba kama jirani zao. Pasaka karibu wote huwa pamoja, lakini si lazima ilingane na ya Waanglikana: mwaka 2026 ni tarehe 12 Aprili, wiki moja baada yao.

Ukitaka monasteri, iko Tolleshunt Knights, Essex, iliyoanzishwa mwaka 1959 na Padri Sofroni, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2019. Watawa wa kiume na wa kike wanaishi humo. Huendi kulala bila kuandika mapema ukajibiwa.

Ndani, jiandae kusimama. Viti vichache vilivyo kando ya ukuta ni vya wazee na wagonjwa, na Liturujia huchukua saa moja na nusu au zaidi, kwa hiyo viatu vya kisigino acha. Akina mama, leso ya kujifunika kichwa muhimu zaidi kwenye parokia za Kirusi; ya nyumbani, hata khanga, inatosha. Beba sarafu za mshumaa. Unaununua mlangoni, unauwasha kwa wa mwenzako, unauchomeka kwenye mchanga mbele ya ikona (picha takatifu), basi. Moshi wa ubani ni mwingi, mwenye pumu asimame karibu na mlango.

Komunyo ni ya Waorthodoksi waliojiandaa kwa kufunga na kuungama. Kama ulibatizwa katika kanisa hili Kenya au Uganda, mwone padri kabla ya ibada umwambie, maana hakujui. Ukiwa mgeni tu, subiri mwisho: mkate uliobarikiwa hugawiwa kila mtu, nawe usiukatae. “Bwana hurumia” utaisikia kwa Kiingereza, Kigiriki, Kislavoni (lugha ya kale ya ibada ya Warusi) na pengine Kiromania, zote asubuhi moja.

Baada ya hapo huwa kuna chai, na kila mtu huleta kitu. Wakati wa Kwaresima hawali nyama, mayai wala maziwa, kwa hiyo keki ya siagi itabaki mezani ikikutazama. Mahamri ya tui la nazi yanapita bila swali.