Kutafuta PhD ya akili mnemba (AI), roboti au sayansi ya materiali ukiwa Mbeya: anzia hapa

Wadau, vijana wa huku Nyanda za Juu wananitumia sivii zao niwapitilie, na wengi wanakwama palepale, wanatafuta skolashipu tu, yaani yeyote wa kuwalipia, wakati fani hizi hela mara nyingi imekaa kwenye mradi wa profesa. Tafuta mradi.

Hatua 1: chagua tatizo kwanza. "Napenda AI" haimwambii mtu kitu. Jivu la volkano la Rungwe linafaa kupunguza klinka (ile inayochomwa kwenye tanuru kisha kusagwa) kwenye saruji, hapo pana PhD nzima ya materiali. Kamera ya kugundua ukungu wa viazi mapema, Uyole au Njombe. Roboti inayoweza kutembea kwenye miteremko ya chai Mufindi bila kubiringika (hii ngumu kweli, ndo maana ni nzuri). Andika ukurasa mmoja, usizidi.

Hatua 2: pa kutafuta. Ujerumani, Uholanzi, Uswidi na Norwei mwanafunzi wa PhD mara nyingi ni mwajiriwa na nafasi inatangazwa kama ajira, fungua EURAXESS, tovuti ya Ulaya ya kazi za watafiti, uweke alati. Zile nafasi za Marie Skłodowska-Curie, zinazolipiwa na Umoja wa Ulaya, zinataka uwe hujaishi nchi unayoenda zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita, kwahiyo we uliyekaa zako Mwanjelwa hapo huna shida. Saudia kuna chuo cha KAUST, Abu Dhabi kuna MBZUAI, chuo cha akili mnemba. Arusha pale chuo cha Nelson Mandela wana PhD ya materiali, usiidharau.

Hatua 3: imeli kwa profesa. Hapa ndo kazi ilipo. Soma kwanza peipa zake mbili za karibuni, za AI na roboti nyingi ziko bure kwenye tovuti ya arXiv, afu uandike aya tatu fupi: we ni nani na umefanya nini, kitu gani kwenye peipa yake kinagusa tatizo lako, na swali moja tu kama anachukua mwanafunzi mwakani. Weka linki ya GitHub (tovuti ya kuwekea kodi za programu) kama kuna programu umeandika. Imeli moja iliyotumwa kwa maprofesa hamsini wanaitambua mstari wa kwanza tu na wanafuta. Kimya kikizidi wiki mbili kumbushia mara moja, basi, nenda kwa mwingine.

Hatua 4: makaratasi. Transkripti, vyeti, marefa wawili au watatu (watu wa kukuandikia barua za mapendekezo), waambie mapema maana walimu wetu wana mambo mengi. Kabla hujalipia IELTS, mtihani wa Kiingereza, uliza kama wanapokea barua ya chuo kwamba ulisoma kwa Kiingereza, vyuo vingi vinakubali.

Hatua 5: intavyuu. Chaji laptop, weka bando la akiba kwenye simu maana umeme unaujua. Watakuuliza nini kiligoma kwenye tasnifu yako ya masta, jibu kwa undani, hapo ndo wanapima. Na we uliza mkataba ni wa miaka mingapi, ukiwa mfupi kuliko masomo yenyewe uliza nani atalipa kipande kinachobaki, na jibu lije kwa maandishi.