Jinsi ya kufuatilia neno la Kiprakriti jiwe kwa jiwe: mfano wa "lipi" na "dipi"

Wakuu, naulizwa sana mtu anaanzaje kutafuta chimbuko la neno la Kiprakriti, yaani lugha za kawaida za watu wa India ya kale, basi leo nafanya kwa neno moja tu, lipi, yaani maandishi. Sio lipi yetu ya "jambo lipi", hiyo imefanana kwa bahati tu. Nimelichagua manake ni neno lililotembea sana, utakuja kulikuta hadi kwenye kata yako.

Hatua ya 1: tafuta sentensi moja iliyoandikwa sehemu nyingi. Wengi wanakimbilia kamusi ya Kisanskriti, lugha ya wasomi wa India ya kale, na hapo ndo wanapotea, kwa sababu kamusi inakupa umbo moja lililonyooshwa tayari. Anza na mawe. Mfalme Ashoka, aliyetawala karibu mwaka 268 hadi 232 KK, alichongesha amri zake kwenye miamba pande zote za ufalme, ujumbe uleule lakini kila upande na lahaja yake, sasa hiyo ni zawadi kubwa kwa mtu wa lugha. Mwingereza James Prinsep alifumbua herufi za Brahmi, ambazo ndizo zilizochongwa kwenye mengi ya mawe hayo, mwaka 1837, na mtaalamu Mjerumani Hultzsch akachapisha matini pamoja mwaka 1925, skani zake zipo mtandaoni bure.

Hatua ya 2: zipange mstari kwa mstari, hata kwenye daftari la kawaida. Amri ya kwanza inaanza na "haya ni maandishi ya dhamma", dhamma ikiwa ni maadili mema aliyoyahubiri Ashoka. Girnar, Gujarat, wameandika dhaṃmalipī. Jaugada kule Odisha, dhaṃmalipi. Kalsi, chini ya Himalaya, dhaṃmalipi. Alafu unafika Shahbazgarhi, Pakistan ya leo, unakuta dhramadipi. Na Mansehra, hukohuko kaskazini magharibi, ni dipi pia.

Hatua ya 3, na hapa usiwe na haraka: jiulize kama tofauti hiyo ni kawaida ya lahaja au ni kitu kingine. Mfalme huko Girnar ni rājā, Jaugada ni lājā, na ukisoma zaidi unaona mashariki kila r imekua l, kama unavyomsikia mtu akisema "kalibu" na hushangai, au kama mtu wa Mombasa anavyosema ndia pale wa Unguja anaposema njia. Hiyo ni kawaida ya sauti, inagusa maneno yote. Sasa jaribu na d. Kwenye sentensi ileile kuna cheo cha Ashoka, "mpendwa wa miungu", kinaanza na devānaṃ-, na d yake imekaa palepale kwenye miamba yote, mashariki na magharibi. Kwa hiyo d haigeuki l hovyo. Dipi na lipi haziachani kwa kawaida ya lahaja, na ukiona hivyo shuku neno la kukopa.

Hatua ya 4: angalia jirani ni nani. Gandhara, yaani eneo hilo la Shahbazgarhi, iliwahi kua chini ya Waajemi, na mfalme wao Dario wa Kwanza kwenye maandishi yake ya mwamba wa Behistun, Iran, anayaita maandishi hayo dipi. Nyuma yake, kwenye lugha za kale za Iran na Iraki, kuna tuppi ya Kielamu, ṭuppu ya Kiakadi, na dub ya Kisumeri, bamba la udongo la kuandikia. Ila neno moja halitoshi, tafuta shahidi wa pili. Shahbazgarhi penyewe, pale ambapo wengine wanasema likhita, "imeandikwa", wao wanasema nipista, nalo ni la Kiajemi, hadi leo Muirani akisema kuandika ni neveshtan. Na l imetoka wapi? Maelezo ya kawaida ni kwamba neno lilivutwa na mzizi wa Kisanskriti lip, kupaka. Wapo wanaosema lipi ni la kienyeji tangu mwanzo kutokana na mzizi huohuo, mimi nikitazama dipi na nipista zikiwa mwamba mmoja sikubaliani nao.

Hatua ya 5: usimsahau mwandishi. Brahmagiri, mbali kusini huko Karnataka, karani anaitwa Capaḍa amechonga kwa Brahmi kwamba yeye ndo kaandika, alafu neno la mwisho, lipikareṇa, "mwandishi", akaliandika kwa Kharoshthi, herufi za kaskazini magharibi zinazotoka kulia kwenda kushoto. Kila nikilisoma nasisimka, manake unaona njia yenyewe ambayo maneno yanapita, yanabebwa na makarani wanaohamishwa vituo.

Hatua ya 6: shuka nalo mbele. Kwenye Kiprakriti cha vitabu vya Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, limekua livi, p katikati ya irabu imelainika. Kihindi na Kibengali leo bado lipi. Upande wa Uajemi dipi ilizaa dabir, karani, na kwa maelezo yanayokubalika sana ikazaa pia divan, ofisi ya madaftari ya serikali, Waarabu wakalichukua, nasi tukalipata diwani, kitabu cha mashairi na pia mheshimiwa wa kata.

Ila ukifika hapo usibebe na dibaji ukadhani ni ndugu yao. Hiyo imetoka kwenye kitambaa cha hariri, dibaj, kafuatilie mwenyewe kwa hatua hizihizi.