Jinsi ya kuwapandia kuku malisho nyuma ya nyumba

Kinachoua bustani ya kuku ni kucha. Jani lililodonolewa huchipuka tena, lakini mzizi uliofukuliwa na kuachwa juani umekwisha. Ndiyo maana wengi hupanda vizuri Machi, na kufikia Juni wana uwanja mtupu.

Kwa kuku 10 wa kienyeji, tenga mita 12 kwa 5 na uzigawe vyumba vitatu vya mita 4 kwa 5, kila kimoja na mlango wake. Nguzo za mikaratusi zinatosha. Zungushia wavu wa kuku wa futi 6 na uchimbie ukingo wa chini sentimita 15, kwa sababu nguchiro hupenya chini.

Panda mvua ya masika ikishika, Machi au mapema Aprili. Kakamega na Kisumu hupata nafasi nyingine Septemba. Kila chumba kitie wilbaro moja ya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi ya kuku huunguza miche.

Terere, yaani mchicha, ndiyo ya kwanza kukupa majani. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo changanya kijiko kimoja na vijiko kumi vya mchanga, umwage kwenye mistari ya sentimita 30 na ufunike kwa udongo mwembamba tu. Ukizifukia sana hazitoki. Kunde zifukie sentimita 3, mbegu mbili kila sentimita 20. Sukuma wiki ipe sentimita 45 kila upande. Viazi vitamu ndivyo vinavyostahimili kiangazi: kata shina la sentimita 30, ufukie theluthi mbili. Lusani (alfalfa) hustawi Nakuru, ila udongo wenye asidi ulio sehemu nyingi za Magharibi mwa Kenya huidumaza, kwa hiyo huko ongeza kunde badala yake. Kando ya wavu weka alizeti na mipapai, kuku wapate kivuli na mahali pa kumkimbia mwewe. Kishona nguo ikijiotea, iache mpaka ikaribie kutoa mbegu. Kuku huipenda ikiwa changa.

Sasa fremu ya wavu ya kufunika mimea isifukuliwe, na hapa usibane matumizi. Chukua mbao za inchi 2 kwa 4, mbili za mita 2 na mbili za mita 1, uzisimamishe kwa ubavu ili fremu iwe na kina cha sentimita 10. Pigilia wavu juu kwa misumari ya U, ukiuvuta mpaka ukaze, na uweke ubao mmoja katikati. Bila ubao huo, kuku akipanda, wavu hubonyea na kukandamiza majani. Ncha za waya zikunje kuelekea chini, zisiwachome miguu. Weka fremu mbili kila chumba juu ya terere na kunde. Kuku watadonoa kinachochomoza, shina na mizizi vibaki salama.

Usiwaingize kabla ya wiki 6 hadi 8. Kisha wape chumba kimoja siku 10, uwahamishe, kipumzike siku 20. Majani ya chumba yakibaki nusu kabla ya siku hizo, watoe mapema. Siku 20 ni za majani kuchipua tu. Mayai ya minyoo huishi udongoni miezi mingi, kwa hiyo dawa ya minyoo kila miezi 3 ibaki palepale.

Bustani haiondoi chakula cha dukani. Majani ni maji mengi, na gole (mfuko wa chakula ulio shingoni) hujaa kabla kuku hajapata nguvu ya kutosha kutaga. Endelea kuwapa chakula cha kutagia jioni, pamoja na changarawe za kusagia. Nyasi ndefu zikate zibaki chini ya sentimita 10, maana nyuzi zake huziba gole.

Usiwape majani ya parachichi, mbegu za mbarika, maharagwe makavu yasiyopikwa wala majani mabichi ya mhogo. Zote zina sumu.

Kwa vifaranga, tega mchwa. Jaza chungu kuukuu mabua ya mahindi na mavi makavu ya ng'ombe, nyunyiza maji, ukifudikize jioni juu ya tundu la mchwa. Kiinue alfajiri, kwani jua likiwaka mchwa hurudi chini.